Rafti na kayaki Mtwara na Lindi: maswali ya wageni na majibu yake, mwongozo kamili

Swali linaloongoza kwa wageni wanaopanga kuja kusini ni hili: ile rafti ya boti la mpira linalorushwa na mto, watu wanapiga kelele wamevaa helmeti, kwa Mtwara au Lindi inafanyikia mto gani? Jibu ni kwamba haifanyiki. Mito yetu ikifika huku chini imeshachoka. Matandu, Mbwemkuru na Lukuledi kiangazi inabaki mchanga na vidimbwi sehemu nyingi, na Ruvuma yenyewe ni mto mpana wa mafungu ya mchanga, unatambaa tu kuelekea baharini, una viboko, una mamba, na juu ya hayo ni mpaka wa nchi. Tangu vurugu za Cabo Delgado, Msumbiji, zianze mwaka 2017 upande wa pili kule, mtu haamki tu akaingiza chombo Ruvuma kisa kaona picha nzuri, lazima serikali ya kijiji na polisi wajue, na hata wakijua bado mamba hana taarifa.

Tulichonacho sisi ni bahari. Ghuba zilizojifunga, mikoko, visiwa vyenye magofu, na maji yanayopanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua. Hiyo ni kazi ya kayaki, kile kijimtumbwi chembamba chepesi unachokipeleka mwenyewe kwa kafi, na kayaki ya huku haiongozwi na nguvu ya mikono yako, inaongozwa na mwezi na upepo. Mgeni akielewa hilo tu, asilimia kubwa ya maswali yake yanakuwa yamejijibu. Ya rafti ntayagusa mbele kwa wale waliodhamiria, maana wapo wanaotokea huku kwenda Jinja, Uganda, au mji wa Livingstone, Zambia.

Kwanza, unaingilia wapi?

Mikindani ndio pa kuanzia na sina mjadala na hilo. Ni kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini kwenye barabara ya Lindi, daladala zipo, bajaji zipo. Ghuba yake imekaa duara, mlango wa kuingilia kutoka bahari kuu ni mwembamba, kwa hiyo mawimbi makubwa yanaishia nje, na pembeni kuna mikoko ambayo maji yakijaa unapenya humo ndani. Ndio mji huu huu David Livingstone alioanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, kibao chake utakiona, lakini ukiwa majini majengo ya zamani yanaonekana vizuri kuliko ukiwa barabarani.

Shangani pale Mtwara mjini watu wanapapenda kwa sababu pako karibu. Pazuri, ila pako wazi kwa upepo, na maji yakipwa unabaki na mwamba na majani, utabeba kayaki mgongoni mwendo mrefu. Ukitaka kuvuka kwenda Msangamkuu kumbuka pale ndio njia ya meli za bandarini na pantoni. Meli haikwepi kayaki, haiwezi, ikishika njia imeshika, hivyo mwenye kusubiri ni wewe. Mi nawaambia wageni wa siku moja Msangamkuu wapande pantoni, kayaki waipigie ng'ambo huko kando kando ya ufukwe.

Msimbati ni habari nyingine, kama kilomita 40 kutoka mjini, na ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, beba kitambulisho usije ukaanza kujieleza getini. Ufukwe wake mrefu, mweupe, lakini kule Ruvula kina kinaanguka ghafla karibu kabisa na nchi kavu na maji ya mlangoni yanavuta. Sio pa mtu anayeshika kafi kwa mara ya kwanza.

Lindi mjini unapata ghuba kubwa na ng'ambo yake Kitunda, wenyeji wanavuka kwa boti kila siku. Hapo kuna kitu wageni hawakijui: mto Lukuledi unaishia humo humo, kwa hiyo maji yakipwa kuna mawili yanatoka kwa pamoja, ya bahari na ya mto, na msimu wa mvua mkondo unakuwa sio wa mchezo, alafu maji yana rangi ya udongo, na karibu na mdomo wa mto mambo ya mamba usiyapuuze, waulize wavuvi wa pale pale, sio mtu wa gesti.

Kilwa Masoko kwenda Kisiwani ni kama kilomita mbili hivi, na watu wanatamani sana kuvuka wenyewe. Inawezekana kwa anayejua, akiwa na boti ya kumsindikiza. Ila kibali cha kuingia kwenye magofu unakipata Masoko kabla hujavuka, usifike ng'ambo ndio ukaanza kuuliza, maana Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981 na wanaangalia kweli. Songo Mnara yenyewe nenda na boti ya mashine. Ni mbali, njiani kuna milango ya mikondo, na ukikuta upepo umegeuka huna pa kupumzikia.

Nije mwezi gani, na nichague siku gani?

Hapa ndipo watu wanapokosea, wanachagua siku kwa sababu ni Jumamosi. Sawa, Jumamosi ni Jumamosi, lakini bahari haina wikiendi.

Anza na upepo. Kusi inaanza kushika mwezi wa nne au wa tano mpaka wa tisa hivi, na mwezi wa sita, wa saba na wa nane ndio inakuwa kali, hewa ya baridi, bahari ya nje imechafuka. Kaskazi inakuja kuanzia kama mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, na hiyo inakuja pamoja na mvua zetu, kwa sababu huku kusini mvua ni msimu mmoja, sio kama Dar wanaogawana vuli na masika. Katikati yake kuna vipindi vya tanga mbili, upepo haujui uelekee wapi, na hasa ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndio yenyewe: bahari imelala, maji maangavu, mvua bado. Ukiweza kuchagua chagua hapo. Ukija kipindi cha kusi usikate tamaa, ingia asubuhi mapema ndani ya Mikindani, saa nne au tano upepo unaanza kuamka wewe umeshatoka.

Tanga mbili ya pili, ya mwezi wa tatu kwenda wa nne, mi siishauri sana. Mvua bado ipo na ndio kipindi ambacho vimbunga vinatokea. Kimbunga Kenneth Aprili 2019 kilipiga Msumbiji jirani kabisa na sisi na Mtwara nzima ilikaa mkao wa tahadhari, Hidaya Mei 2024 mvua zake zilikata barabara ya Kilwa watu wakakwama pande zote mbili, na Lindi iliwahi kupigwa moja kwa moja Aprili 1952. Kwa hiyo taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isome usiku wa kuamkia safari. Wakisema upepo mkali na mawimbi makubwa ukanda wa pwani ya kusini, ahirisha, hata kama umeshalipa.

Sasa mwezi, na hapa tulia kidogo.

Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, mkondo una nguvu. Katikati, mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo, mkondo mpole. Hiyo wengi wanaijua. Wasichokijua wageni ni kwamba pwani yetu hii bamvua ina saa zake. Mwezi mosi au mwezi kumi na tano, hapa nahesabu siku tangu mwezi wa angani uandame, sio miezi ya kalenda, maji hujaa mida ya saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanapwa mida ya saa nne asubuhi. Ongeza dakika 50 kila siku, ukifika mwezi saba au nane maji yanajaa mida ya saa nne asubuhi.

Umeona lilipo jibu? Mtu wa mara ya kwanza tafuta mwezi saba, nane, tisa, au ishirini na mbili mpaka ishirini na nne. Mkondo ni mpole, maji yanajaa asubuhi, na asubuhi ndio upepo bado umelala. Vitu vitatu vimekutana siku moja. Ukija bamvua ukataka kutoka saa tatu asubuhi utakuta ghuba imekauka, mabwawa na tope, kayaki mnaburuza, na mnarudi mchana na upepo usoni.

Wa bamvua nao wana raha yao lakini. Jioni ya tanga mbili maji yamejaa mpaka ndani ya mikoko, unapita juu ya matawi ambayo asubuhi watu walikuwa wanaokota kaa chini yake. Hiyo ni ya waliozoea na wana muongozaji anayejua njia ya kutokea, kwa sababu maji yakianza kutoka hayakusubiri.

Hesabu hii ni ya kupangia safari, dakika kamili ziangalie kwenye jedwali la maji la bandari ya Mtwara, programu za simu zipo kibao na nyingi za bure. Na bado muulize mvuvi dikoni, pale vyombo vyao vinapofikia.

Tunatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi?

Kama maji yanajaa saa nne, ingia majini saa mbili. Unapanda nayo, yanakusukuma kuingia mikokoni, yakisimama unapumzika unakunywa maji, yakianza kugeuka unageuka nayo. Safari ya masaa matatu mtu mpya anaimudu hivyo bila kulalamika mabega.

Kuna kanuni ya mabaharia inayosaidia. Maji yanachukua kama masaa sita kupwa, lakini hayatoki sawasawa. Saa la kwanza yanatoka kidogo, la pili yanaongezeka, la tatu na la nne nusu nzima ya maji inatoka hapo, alafu yanapoa tena. Kwa hiyo usikubali kuwa kwenye mlango wa ghuba saa la tatu au la nne la kupwa. Hapo mtu anapiga kafi kwa nguvu zote akiangalia ufukweni anaona mnazi ule ule.

Kingine ni umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Unadanganya sana kwa sababu ukiwa karibu na ufukwe maji yanaonekana kioo, mgeni anasema leo bahari shwari, anasukumwa taratibu bila kujua mpaka anageuka anakuta nyumba zimekuwa ndogo. Kabla hujaondoka chagua alama mbili nchi kavu, mnara na mti kwa mfano, moja mbele ya nyingine, uwe unaziangalia. Zikianza kuachana ujue unahama.

Sijui kuogelea, naruhusiwa?

Kwenye ghuba iliyofungwa, ukiwa na laifu jaketi inayokutosha na muongozaji pembeni, ndio. Nje ya ghuba, hapana, na anayekwambia hapana shida anataka hela yako.

Laifu jaketi ndio kitu cha kukagua kwa mkono wako mwenyewe. Ivae, funga mikanda yote, inua mikono juu, mwambie mwenzako ashike mabegani aivute kwenda juu. Ikipanda mpaka masikioni haikutoshi, ukianguka itapanda na wewe utashuka. Angalia mishono, angalia kama lile boya la ndani limekatika katika. Ndani ya jaketi huwa pameandikwa namba, 50N ni ya kumsaidia mtu anayejua kuogelea, 100N na kuendelea ndio inayofaa kwa asiyejua. Watoto wapewe zenye mkanda unaopita katikati ya miguu, bila huo jaketi inavuka kichwa. Na jaketi inavaliwa, haikaliwi. Wapo wanaoifanya mto wa kukalia sababu ya joto, huyo mrudishe nchi kavu.

Nivae nini, na hijabu je?

Jinsi hapana, ikilowa inakuwa mzigo. Kanga ya kufunga kiunoni hapana, inanasa. Vaa nguo nyepesi ya kukauka haraka, mikono mirefu ni bora kwa kila mtu, mwanamke kwa mwanamume, kwa sababu jua la majini linakupiga kutoka juu na kutoka chini, mapaja ndio yanayoungua kwa vile umekaa yametazama mbinguni. Dada wa hijabu vaeni legingi au suruali ya michezo, jezi ndefu, na mtandio wa kubana kichwani usio na ncha ndefu wala pini, ile ya kuvaa moja kwa moja ni nzuri zaidi. Hakuna cha kukuzuia. Buibui tu iacheni gesti.

Miguuni viatu vya mpira vinavyoshika mguu, vile yeboyebo vya kamba nyuma vinafaa, ndala zitaelea zielekee Comoro. Chini kuna mwamba unaokata, kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, na kuna samaki taa anayejifukia mchangani. Ukishuka kwenye maji mafupi usinyanyue miguu, buruza, taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe. Akikuchoma, mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia na uende hospitali, usisubiri kesho.

Miwani ifungwe kamba. Simu kwenye begi lisilopitisha maji, au kidumu cha mdomo mpana chenye kifuniko cha kukaza kama wanavyofanya wavuvi, kifungwe kwenye kayaki. Rambo ziliondoka na katazo la Juni 2019 na hata zamani hazikuwahi kuokoa simu ya mtu.

Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila kichwa, isipungue. Korosho, karanga, ming'oko ya kuchemsha ukiikuta barabarani, basi. Usile ubwabwa na samaki mzima saa moja kabla ya kuingia, utakuja kutujutisha.

Kayaki ya mtu mmoja au wawili?

Ya wawili inaenda vizuri zaidi na inayumba kidogo, inamfaa mwenye wasiwasi. Mzito anakaa nyuma na ndiye anayeelekeza, wa mbele kazi yake kupiga kafi kwa mdundo mmoja. Kwa wapenzi na wanandoa ushauri wangu chukueni mbili za mmoja mmoja. Nasema tu.

Uliza pia kama ni ya wazi juu au ile unayoingiza miguu ndani. Ya wazi ndio ya wageni, ukipinduka unapanda tena. Ile ya kufungwa mpaka uwe umefundishwa kutoka ukiwa kichwa chini.

Kafi lishike mikono ikiwa imeachana zaidi kidogo ya mabega, kaa wima, miguu ikanyage vile vikanyagio magoti yamekunjwa kidogo. Usivute kwa mkono peke yake, zungusha kiwiliwili, ingiza kafi karibu na vidole vya miguu litoe nyongani. Mwenye kutumia mikono tu baada ya nusu saa utamuona anaanza kuuliza tumebakiza umbali gani.

Nikipinduka?

Utalowa. Kayaki haizami, hilo ndilo la kwanza kuingia akilini, na kwa hiyo usiiache. Watu wengi wanaopata matatizo sio waliopinduka, ni walioiacha kayaki wakaanza kuogelea kuelekea ufukweni unaoonekana uko karibu, kumbe mkondo unawapeleka kwingine.

Fanya hivi. Toa kichwa, pumua, shika kayaki kwa mkono mmoja na kafi kwa mwingine. Kama imelala kifudifudi, nenda ubavuni katikati, nyoosha mkono uvuke tumbo lake ushike ukingo wa upande wa pili, vuta kuja kwako huku unajitupa nyuma, itageuka. Kafi lipachike chini ya mpira au mpe mwenzako. Sasa usijaribu kujivuta juu ukiwa umening'inia wima, hapo ndipo nguvu zinapoishia. Lala kwenye maji, piga miguu mpaka mwili uje juu usawa, alafu jivute tumbo litue katikati ya kayaki, ulale hapo umekingama kama samaki aliyetupwa ndani ya dau. Pumzika. Hakuna anayekukimbiza. Geuza makalio yakae kwenye kiti, miguu iingie mwisho. Mwenzako akiwepo aje ashike kayaki yako upande wa pili isipinduke tena.

Hii ifanyie mazoezi kabla ya safari, kwenye maji ambayo miguu haigusi chini lakini yako karibu na ufukwe, muongozaji akiwepo. Muongozaji anayekataa kukupa dakika kumi za zoezi hilo, tafuta mwingine. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, kabla hata ya bei.

Ukichoka au upepo ukikuzidi, kusanyikeni, kayaki zishikane ubavu kwa ubavu, inua kafi juu ulipungepunge, puliza filimbi. Filimbi iwe shingoni au imefungwa kwenye jaketi. Namba ya dharura ya polisi ni 112, zimamoto na uokoaji 114, lakini ukweli wa huku atakayekufikia wa kwanza ni mvuvi. Kwa hiyo kabla hujatoka mwachie mtu wa dikoni habari: mko wangapi, mnaelekea wapi, mnarudi saa ngapi. Wale wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, ndio hasa wa kuwaachia.

Na wavuvi uwaheshimu. Ukiona maboya yamejipanga hapo kuna nyavu au madema, ile mitego ya samaki, zunguka mbali. Kamba zilizofungwa chini kwenye maji mafupi ni mashamba ya mwani ya kina mama, usipite juu yake na kafi. Salimia, mzee mpe shikamoo yake hata kama mko katikati ya maji, na kama unataka kumpiga picha omba kwanza.

Haya, mimi nataka rafti kweli kweli, niende wapi?

Kwa Afrika Mashariki ni Jinja, Uganda, mto Nile ukitoka Ziwa Victoria. Mtanzania huhitaji viza, unahitaji pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Maporomoko ya Jinja yamepungua, bwawa la Bujagali la mwaka 2012 na la Isimba la 2019 yamefunika baadhi, ila yaliyobaki bado yanatosha kumlaza mtu hoi. Kenya wana Sagana, mto Tana, hiyo inategemea mvua. Na ukitaka ile inayotajwa dunia nzima ni Zambezi, korongo la Batoka chini ya Maporomoko ya Victoria, unaingilia Livingstone Zambia au upande wa Zimbabwe. Huko nenda maji yakiwa madogo, kama mwezi wa nane mpaka wa kumi na mbili, ndio mto unakuwa mkali. Maji yakijaa sana, mida ya mwezi wa nne na wa tano, huwa wanafunga.

Maji yanapangwa madaraja, la 1 mpaka la 6. La 1 ni maji yanayotembea, la 2 mawimbi madogo, la 3 unalowa na kucheka, la 4 unaacha kucheka, la 5 ni la timu inayojua inachofanya na muongozaji mzoefu, la 6 halipandwi kibiashara, mnashuka mnabeba boti kupita pembeni. Mtu wa mara ya kwanza anaweza kupanda la 4 na hata la 5 akiwa na kampuni makini, kwa sababu kazi kubwa ni ya anayeelekeza nyuma.

Wanachokufundisha asubuhi kisikilize kuliko picha utakazopigwa. Ukiangukia mtoni lala chali, miguu mbele inakoelekea maji, vidole vya miguu vije juu ya maji, ili ukikuta jiwe uligonge kwa miguu sio kwa kichwa. Na usisimame hata kama unahisi chini pafupi. Mguu ukinasa kati ya mawe maji yanakulaza kifudifudi na huinuki, hiyo ndiyo inayoua mitoni, na inaua kwenye maji ya magotini. Pumua ukiwa bondeni kati ya mawimbi, sio kileleni kwenye povu, povu ni hewa nusu, haikubebi wala huwezi kulivuta. Ukirushiwa kamba shika kamba yenyewe, usijiviringishe mkononi, ipitishe begani ulale chali ukivutwa.

Anayejua bahari akifika mtoni ana tatizo moja, anadhani yatapungua. Mkondo wa baharini una saa zake za kupumzika. Mto hauna.

Maswali madogo yaliyobaki

Mjamzito? Rafti hapana kabisa. Kayaki kwenye ghuba tulivu muulize daktari wako, mimi sikupi ruhusa. Mwenye kifafa, presha isiyotulia, bega linalochomoka, sema kabla, usione aibu, muongozaji anapanga nani akae na nani. Siku za hedhi sio kizuizi.

Watoto? Ndani ya Mikindani mtoto anaweza kukaa mbele kwenye kayaki ya wawili na mtu mzima anayejua, kama jaketi ya saizi yake ipo. Kama haipo, hakuna safari, usimfunge ya mkubwa kwa kamba. Rafti ya Zambezi kwa kawaida hawachukui chini ya miaka 15.

Papa? Wapo baharini kote, mikokoni sio wa kukukosesha usingizi. Konyeza ndio watakaokuwasha, hasa maji ya joto, na hiyo ni sababu nyingine ya mikono mirefu.

Bei? Inatofautiana, kwa hiyo uliza imebeba nini: muongozaji, jaketi, maji ya kunywa, kiingilio cha hifadhi kama mnaenda Msimbati, usafiri wa kufika ufukweni, na boti ya kusindikiza kama mnavuka. Bei ndogo isiyo na muongozaji ni kukodisha plastiki. Uliza pia mapema kwamba upepo ukikataa hela inarudi au siku inasogezwa, mkubaliane kwa meseji, sio kwa mdomo.

Na mkirudi, kiwiliwili kikiuma kesho yake lakini mikono haiumi ujue ulipiga kafi vizuri, ikiuma mikono mitupu rudi pale juu kwenye kuzungusha kiwiliwili. Jaketi na viatu suuza maji baridi ya bomba, chumvi inakula mikanda na zipu, kavusha kivulini.